Shahidi wa Hukohuko

Ameyalpan, 9 Machi 1563

Kwa mpwa wangu Gaspar Mimich, mwalimu wa Kilatini katika shule ya watawa, mjini Mexico.

Mwanangu, pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Baridi imeondoka mapema mwaka huu na mkonge wa uani umeanza kutoa utomvu wa pombe, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usidhani ni uzee peke yake. Mama yako mdogo Martina Xoco anakusalimu sana. Tangu Krismasi amezalisha watoto sita, wote wako hai, na mmoja wamempa jina lako. Anasema huyo ndiye anayelia kuliko wote.

Sasa nije kwenye lenyewe. Jumapili iliyopita baada ya misa, mjumbe wa mahakama aliingia uwanjani na karatasi. Gavana wetu hajui kusoma, akanipa mimi karani wake niisome kwa sauti mbele ya watu. Nikasoma. Mhispania wa Kastila aitwaye Don Lope de Arriaza anataka apewe chemchemi yetu na bonde lake lote, afuge ng'ombe. Anasema bonde halilimwi, basi halina mwenyewe. Anasema hatujawahi kuonyesha karatasi kwamba ni letu, basi si letu. Lakini la tatu ndilo lililowanyamazisha watu. Anasema pale chemchemini tunaabudu miungu ya zamani. Eti mwanamke mmoja huenda na maua na mikate ya mbegu za mchicha, huinama, hujikwaa kama mlevi, na husema na maji. Waabudu sanamu nao hupeleka maua na mikate ya mchicha. Basi yule mwanamke ni mwabudu sanamu, na sisi tunaomwacha ni wenzake.

Habari hizo, karatasi inasema, zimetolewa na "shahidi wa hukohuko, Mkristo mwema mwenye elimu". Jina hakuna.

Imeandikwa kwa mkono mzuri sana. Nimeisoma mara nne.

Hakimu atakuja baada ya Pasaka kusikiliza majibu yetu. Wewe ndiye uliyesomea namna maneno yanavyofungwa na kufunguliwa. Tuandikie la kusema, mwanangu, na usichelewe.

Mjomba wako, Zacarías Coyol


Mexico, 30 Machi 1563

Kwa mjomba Zacarías Coyol, karani wa Ameyalpan.

Shikamoo mjomba. Mbeba mizigo aliniletea barua yako nikiwa darasani, nikaifungua palepale. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la mji huu. Watawa wamenipa kanzu mpya. Siku mbili kwa wiki huniazima kwa mahakama nikawe mkalimani, kwa kuwa wakalimani waliopo wanajua lugha mbili na kuziharibu zote mbili. Huyo mtoto anayelia, mwambieni mama yake ampe uji mwepesi wa mahindi, atatulia. Mimi ndiye ninayejua tabia ya jina hilo.

Kuhusu karatasi, msiogope. Hoja zake ni mbovu. Hapa tunawafundisha wanafunzi njia kumi na tatu ambazo hoja mbovu hujivika nguo za hoja njema, na huyu bwana amevaa nguo nyingi kwa mara moja. Shamba lililopumzishwa si shamba lililotupwa. Muulizeni hakimu kama kitanda chake, ambacho mchana hakilaliwi, hakina mwenyewe. La karatasi: kutoonekana kwa ushahidi wa jambo si ushahidi kwamba jambo halipo. Mababu zetu walikuwa wakinywa maji yale kabla karatasi ya kwanza ya Kastila haijateremshwa merikebuni. Na hilo la tatu ndilo dhaifu kuliko yote. Mbwa ana miguu minne. Meza ya hakimu ina miguu minne. Je, meza ya hakimu ni mbwa? Mwambieni hivyo, kwa adabu.

Lakini mama mdogo Martina asiende chemchemini kwa sasa. Mwambie nimemwomba mimi. Mikate ya mchicha asiioke kabisa mpaka hakimu aondoke.

Wanafunzi wananingoja. Nawaombea wote.

Mpwa wako, Gaspar


Ameyalpan, 4 Mei 1563

Kwa Gaspar.

Mwanangu, salamu. Mahindi tumeshapanda. Pilipili zimeliwa na wadudu upande wa chini. Mke wangu anakohoa lakini anapika. Ninakuandikia nikiwa nimekaa ukumbini pa gavana, kwa sababu nyumbani kwangu siwezi kuandika. Martina yuko pale, na sitaki anione nikitafuta maneno.

Hakimu alikuja. Alikaa chini ya turubai mbele ya kanisa, na Don Lope pembeni yake akijipepea kwa kofia. Gavana wetu akatoa jibu la kitanda. Watu wakacheka, na hakimu akacheka. Akatoa jibu la karatasi. Hakimu akakuna shingo. Nikajisemea, leo tumepona. Kisha gavana akasema la mbwa na meza.

Hakimu akaacha kucheka. "Nani amewafundisha haya?"

"Tumefikiri wenyewe, bwana."

"Watu wa namna yenu hawafikiri hivi. Kwa hiyo mmefundishwa. Na anayefundishwa majibu ana kitu anachoficha."

Gavana akanigeukia mimi. Mimi nikaugeukia wino wangu.

Hakimu akataka aletwe yule mwanamke. Akasema mambo ni mawili tu: ama tumtoe mmoja, ama mji mzima uandikwe kuwa ni wa waabudu sanamu, na hakuna njia ya tatu. Hapo Martina akatoka mwenyewe katikati ya wanawake, kitambaa cha kazi bado kiko kiunoni.

"Ni mimi ninayekwenda."

"Kufanya nini?"

"Kuchota maji ya kuogeshea watoto wachanga."

"Na maua?"

"Watoto wanapenda maua."

"Na mikate?"

"Bwana, kwenu mikate hufanyiwa nini? Kwetu huliwa."

Wanawake wakaguna kwa kicheko. Hakimu akauliza, "Na yule uliyekuwa ukisema naye pale majini ni nani?"

Wakamuuliza mara tatu. Hakujibu. Hakimu akamwambia karani wake aandike kwamba anayenyamaza amekiri.

Walimpiga viboko thelathini mlangoni pa kanisa, wakamnyoa nywele zote. Wamemkataza kuzalisha. Chemchemi amepewa Don Lope. Ng'ombe wameshaingia, na maji ni matope. Wanawake wanakwenda mtoni sasa, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi.

Na kuna jingine. Unamkumbuka Bernabé Zolin, muuza chumvi? Alikwenda Mexico mwezi wa Februari. Siku tisa baada ya kurudi, ile karatasi ikafika. Watu wameunganisha mambo hayo mawili. Wanasema shahidi ni yeye.

Neno la mwisho. Mimi nilikuandikia "mwanamke mmoja", kama karatasi ilivyosema. Wewe ukanijibu "Martina". Nani alikwambia?

Zacarías


Mexico, 22 Julai 1563

Kwa mjomba Zacarías.

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilizunguka sana kabla ya kunifikia, na ilipofika nilikuwa na homa, kisha wanafunzi walikuwa na mitihani, kisha karatasi ikaadimika mjini. Natumaini kikohozi cha mkaza mjomba kimekwisha. Hapa mvua ni nyingi, ziwa limeingia hadi kwenye bustani ya shule.

Habari za mama mdogo zimenikata maini. Sijui niandike nini. Nimemtumia shuka laini ya pamba ajifunike kichwa mpaka nywele ziote. Mwambie nimeichagua mwenyewe.

Kuhusu Bernabé, waambie watu wanakosea. Hili ni kosa linalojulikana sana. Jambo likitangulia jingine, haimaanishi kwamba ndilo lililolizaa. Jogoo huwika kabla ya jua, lakini hakuna anayemshukuru jogoo kwa mchana. Bernabé hana hatia. Waeleze hivyo, watakuelewa.

Ulichouliza mwishoni, nilikisia tu. Nani mwingine pale huenda chemchemini?

Gaspar


Ameyalpan, 16 Agosti 1563

Gaspar.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria. Tuliandamana, tukaimba, kukawa na tarumbeta. Mke wangu amepona. Ukipenda habari njema, hizo ndizo zote.

Shuka yako nairudisha na mbeba mizigo huyuhuyu. Martina aliishika, akaipapasa, akauliza, "Kwa nini ananitumia kitu kizuri hivi?" Akaikunja vizuri akanirudishia.

Nani mwingine huenda chemchemini, unauliza. Mwanangu, mji mzima ulikuwa ukienda chemchemini. Wanawake mia mbili.

Unaniandikia kwamba Bernabé hana hatia. Mimi najua hana. Ninachokuuliza ni hiki: wewe unajuaje?

Acha nikwambie ninavyojua mimi. Niliujua ule mkono kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Miaka minane nimekuwa nikisoma barua zako na kuwasomea majirani kwa kujivuna. Herufi yako ya g unaikunja mkia kama panya aliyekanyagwa. Tangu ukiwa mdogo nilikukataza, hukusikia. Nilisimama uwanjani nikiwa na ile karatasi mikononi, nikaendelea kusoma, na sauti haikutetemeka. Nilipomaliza watu wakaniuliza, "Karani, wewe unajua mikono ya watu. Huu ni wa nani?" Nikawajibu, "Makarani wa mahakama wote huandika namna moja."

Hayo ndiyo niliyokuficha mimi. Nilikupa nafasi katika barua ya kwanza. Nikakupa tena katika ya pili.

Nawe ujue hili pia. Wiki iliyopita walikwenda kwa Bernabé mchana kweupe. Waling'oa paa lake, wakanyonga bata mzinga wake mmoja baada ya mwingine. Nilikuwapo. Bernabé alisimama mlangoni akisema, "Kwenda Mexico ni kosa? Niliporudi mvua nayo ilinyesha. Hiyo pia nimeileta mimi?" Hakuna aliyecheka. Akaniona. "Karani, wewe una akili. Waambie."

Nikatazama makubadhi yangu.

Neno moja lingetosha. Nililikalia kwa sababu lilikuwa jina la mtoto wa dada yangu. Bernabé ameondoka na mkewe na mtoto wao mchanga, yule yule tuliyempa jina lako.

Usiniandikie tena habari za jogoo.

Zacarías


Mexico, 29 Septemba 1563

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama bado una haja ya salamu zangu, lakini sijui kuanza barua kwa namna nyingine.

Ni mimi.

Nimeandika hayo maneno mawili, nikaenda dirishani, nikarudi. Yangali hapo.

Mwezi wa Januari katibu mmoja wa mahakama alinialika kula kwake. Hakuna mtu wetu aliyewahi kuketi kwenye meza ile. Wakalimani wenzangu hula jikoni. Palikuwa na nyama ya nguruwe, mkate wa ngano na mvinyo. Kila mgeni alisimulia kisa cha kuchekesha. Zamu yangu ikafika. Sikuwa na kisa. Watu wanane walikuwa wakinitazama, na mmoja alishaanza kugeukia upande mwingine. Hapo nikakumbuka kitu cha utotoni: mama mdogo anakwenda chemchemini. Nikainuka. Nikafunga leso kichwani, nikainama, nikayumba huku na huku, nikajikwaa, nikaweka kipande cha mkate mbele ya jagi la maji na kulinong'oneza jagi kama mtu anayebembeleza mkwe. Walicheka mpaka mmoja akamwaga mvinyo mapajani. Wakanipigia makofi. Mjomba, sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Nikarudia, safari ya pili nikatia chumvi zaidi.

Mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Na hiyo chemchemi iko wapi?" Nikamwelekeza njia mpaka kwenye kona ya mwisho. Yule alikuwa Don Lope.

Wiki tatu baadaye katibu aliniita nimwandikie ombi la mteja. Nilipoona ni la nani na la wapi, nikasema, "Bwana, ile ilikuwa ya kuchekesha tu."

"Ulisema uongo?"

"Hapana, bwana."

"Kama si uongo ni kweli. Kama ni kweli, iandike. Au unawaonea huruma waabudu sanamu? Mkristo wa kweli hasiti. Wewe unasita?"

Hoja zote hizo nilizijua kwa majina yake ya Kilatini. Asubuhi ileile nilikuwa nimezifundisha. Ningeweza kumwonyesha moja moja mahali zilipopasuka. Nikachovya kalamu.

Na kuna baya zaidi ambalo hukuliuliza kwa kuwa huwezi kulijua. Katibu alisema niandike "shahidi wa hukohuko" tu. Hayo ya "Mkristo mwema mwenye elimu" niliyaongeza mwenyewe. Nilitaka, hata pale, isomeke vizuri.

Mlipoomba msaada nikawatumia majibu ya werevu. Nilijiambia kwamba nikiwashindia kesi kwa siri, itakuwa kama sikufanya kosa lolote. Wala sikufikiri kwamba werevu wangu ungezidi kumuumiza yeye.

Jumatatu nakwenda mahakamani kufuta ushahidi wangu, kwa jina langu. Msomee mama mdogo barua hii yote. Usiruke kitu.

Gaspar


Ameyalpan, 3 Novemba 1563

Gaspar,

Tumemaliza siku za wafu. Makaburi tumeyapamba maua ya manjano, la mama yako pia.

Nilimsomea Martina. Alikuwa akichambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipofika mahali pa jagi la maji nilitaka kuruka, akajua. "Soma," akasema, "si amekwambia usiruke?" Nikasoma. Mwisho akaniuliza, "Wewe ulijua tangu Machi?" Nikasema ndiyo. Akanyanyua ungo wake akaenda kukaa upande mwingine wa uani. Tangu siku hiyo ananipa chakula na maji, na hasemi nami.

Nimekwenda barazani nikawaambia wazee yote, yako na yangu. Wamenivua ukarani, na ni haki yao. Mzee mmoja alisema, "Tulifukuza mtu kwa sababu ulinyamaza." Mwingine akasema, "Tulimfukuza kwa sababu sisi ni wapumbavu." Wakagombana hapo mpaka adhuhuri, nami nikatoka.

Nasikia Bernabé yuko milimani, Ocopetlan, anachoma makaa. Naondoka kesho kumtafuta. Nikimpata sijui nitamwambia nini. Nitaanza kwa kumsalimu.

Kuhusu wewe, Martina alitoa neno moja tu, siku ile ile, akiwa amenipa mgongo: "Aje."

Zacarías


Ameyalpan, 20 Januari 1564

Kwa mjomba Zacarías Coyol, aliyeko Ocopetlan kwa Bernabé Zolin.

Shikamoo mjomba. Tulipata salamu zako kwa mchoma makaa aliyeshuka sokoni. Mkaza mjomba amefurahi kusikia Bernabé amekupokea, ingawa mchoma makaa alisema amekupokea kwa kukupa shoka na kukuonyesha mti. Mahindi yameingia ghalani. Nyumba yako ni nzima. Nalala kwenye chumba cha vyombo.

Mahakamani nilisikilizwa baada ya wiki sita. Niliposema yote, hakimu aliuliza, "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Nikasema, "Wakati ule nilisema nusu ya kweli, bwana."

"Basi umekiri kwamba wewe ni mwongo. Na neno la mwongo haliwezi kufuta karatasi ya mahakama."

Nikamjibu kwamba kama neno langu halifai kufuta, halikufaa kuanzisha pia. Karani wake aliinua uso. Hakimu akaita kesi iliyofuata. Chemchemi haitarudi, mjomba, si kwa njia hii, na nadhani si katika maisha yetu. Shuleni wamenivua kanzu. Mtawa mkuu alisema kwa huzuni ya kweli kwamba nimewaaibisha wote walioniamini. Hakujua ni wangapi.

Nilifika hapa siku ya tatu baada ya Krismasi. Jumapili nikasimama uwanjani, mahali uliposimama wewe na karatasi, nikasema kwa mdomo kile nilichoandika kwa mkono. Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye shughuli zao, na mwanamke mmoja akamgeuza mtoto wake uso asinitazame. Mwambie Bernabé kwamba paa lake tunalirudisha. Waliojitokeza ni watu wanne, nami wa tano. Upande mmoja umekwisha. Nguzo ya upande wa pili imeoza, tunatafuta nyingine. Asirudi kwa sababu yangu. Arudi kama mkewe anataka.

Sasa nikwambie ya mama mdogo, maana najua barua hii umeishika ukingoja hapo.

Siku niliyofika alikuwa uani akianika mbegu. Nywele zimefika masikioni, zimeota nyeupe. Nilipiga magoti. Hakunitazama pale nilipopiga magoti. Alivuta kigoda, akakaa, akapangusa mikono.

"Fanya," akasema.

"Nifanye nini, mama?"

"Ulichowafanyia wale mezani. Nataka kuona."

Nikamwomba aniache. Nikasema sistahili hata kusimama mbele yake. Akasema, "Hilo si jibu la nilichokuomba." Mkaza mjomba alitoka jikoni, akaona, akarudi ndani.

Basi nikasimama. Nikainamisha mgongo. Nikayumba nikizunguka uani, nikajikwaa, nikainuka, nikanong'ona. Leso sikuwa nayo, akaniambia, "Si ulifunga leso?" akanipa kitambaa chake. Nikajifunga. Nikafanya yote hadi mwisho, mjomba, na machozi yalikuwa yakinidondoka miguuni, naye hakupepesa.

"Umeifanya vizuri," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa nikitembea. Ile ilikuwa siku gani?"

Nikasema sijui, nilikuwa mdogo.

"Ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa mwaka wa tauni, mama yako alikuwa na siku ya nane kaburini. Na wewe ulikuwa umesimama wapi, ukaniona nikienda hivyo?"

Nilifungua mdomo kumjibu, kando ya njia, nyuma ya mti, mahali popote. Hapakuwa na mahali. Nikafumba macho nitafute, nikaiona njia ikiwa chini, ikicheza huku na huku, na maua yakiwa ngumini mwangu mimi.

"Mgongoni kwangu," akasema mama mdogo. "Ulikuwa unawaka kama mkaa. Nilikupeleka kwenye maji baridi, na mimi mwenyewe homa ilikuwa imeshaanza, ndiyo maana nilijikwaa. Mikate ilikuwa yako, ulikataa kula. Na hayo ya kunong'ona, nilikuwa nikisema na wewe. Usilale, Gaspar, nilikuwa nikikwambia. Waliolala wiki ile hawakuamka."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia hakimu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia chungu kilichopasuka.

"Angeuliza mtoto gani. Ningemwambia nini? Kwamba ni mwalimu wao wa Kilatini, wamnyoe naye?"

Kisha akanivua kitambaa kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akajifunga, akarudi kwenye mbegu zake. Mimi bado nilikuwa nimesimama pale nimeinama, mjomba, na nilishindwa kunyooka.

Mpwa wako, Gaspar Mimich